Kano la farasi na sindano ya seli shina: jibu kwa saisi wa Mufindi

"Shikamoo daktari. Mimi ni saisi kwenye shamba moja huku Mufindi. Tuna farasi jike wa miaka kumi na moja, kazi yake ni kuwapandisha wageni, na bosi humtumia anapozungukia mashamba. Wiki mbili zilizopita alikuwa anashuka mlima kwa shoti akateleza kwenye matope. Kesho yake mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umevimba kwa nyuma, kati ya goti na kifundo, una moto, na anachechemea. Tulimchua kwa dawa ya kuchua, tukampumzisha. Sasa hachechemei tena, ila uvimbe umebaki, mguu kwa nyuma umebinuka. Bosi amesoma kwamba Ulaya farasi wanachomwa sindano ya seli shina na kano linaota upya. Anataka kujua kama inawezekana hapa kwetu au tumsafirishe nje. Jirani kaniambia kuna mtu mjini anauza unga wa seli shina, unachanganya na pumba. Mzee mmoja naye anasema tuuchome mguu kwa chuma cha moto. Na je, kwa kuwa hachechemei, tunaweza kuanza kumpanda polepole? Naomba unieleze ukweli, maana huyu farasi nimemlea mwenyewe."

Marahaba kijana wangu, na kamwene huko Mufindi. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja: msimpande. Wala si kwa dakika tano, wala si kwa mtoto mwepesi. Kuacha kuchechemea si dalili ya kupona. Maumivu ya kano huisha mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu, wakati jeraha lenyewe ndiyo kwanza linaanza kazi ya kujijenga. Makano mabaya kuliko yote ninayoitiwa ni yale yaliyoanza kwa kuchanika kidogo. Farasi akapumzishwa mpaka akatembea vizuri, watu wakafurahi, akarudishwa kazini, na safari ya pili kano likaachia kweli. Farasi wako yuko katika kipindi hicho hicho cha hatari sasa hivi.

Nikisoma barua yako naona swali moja kubwa nyuma ya hayo yote. Mnataka kujua kama ipo tiba ya kumrudishia mguu wake kama ulivyokuwa, na kama mnamkosesha tiba hiyo kwa sababu tu mko Mufindi na si Uingereza. Nitakujibu kwa kirefu, maana bila kuelewa kano lilivyo, kila anayekuja na chupa au pakiti atawayumbisha.

Mguu wa mbele wa farasi, kuanzia goti kwenda chini, hauna nyama kabisa. Kuna mfupa, ngozi, na makano yanayoshuka kutoka kwenye misuli iliyo juu ya goti. Lile la nyuma kabisa, lililo karibu na ngozi, ndilo linalobeba kifundo kisizame chini farasi anapokanyaga. Farasi anapopiga shoti, kuna nukta ambapo mguu mmoja wa mbele unabeba mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mwili wake wote, na kano hilo linavutika kwa zaidi ya asilimia 10 ya urefu wake, kisha linajirudi na kumrusha mbele. Ndiyo maana farasi anakimbia mbali bila kuchoka upesi. Lakini maana yake pia ni kwamba kano hilo linafanya kazi pembezoni kabisa mwa uwezo wake. Tena kule kuvutika na kujirudi huzalisha joto. Watafiti wa Uingereza walipima mwaka 1994 wakakuta katikati ya kano la farasi anayepiga shoti joto linafika nyuzijoto 45. Damu inayopita ndani ya kano ni kidogo, hivyo joto hilo halipati njia ya kutoka, na ndiyo maana jeraha mara nyingi huanzia katikati na si pembeni.

Chukua kamba ya katani uitazame ilivyosukwa: nyuzi nyembamba zimeshikana kuwa nyuzi nene, na zote zimelala upande mmoja, ule wa kuvutwa. Kano liko vivyo hivyo, ila nyuzi zake ni za protini inayoitwa kolajeni. Kwa farasi aliyekomaa, nyuzi hizo huchakaa kidogo kidogo kwa miaka bila dalili yoyote ya nje. Kwa hiyo ule utelezi wa siku ile haukuanzisha jambo, ulilimalizia. Nakuambia hivi kwa sababu nahisi kwenye maneno yako kwamba unajilaumu. Farasi wa miaka kumi na moja anayeshuka milima ya Mufindi msimu wa mvua anaweza kuchanika kano akiwa mikononi mwa saisi bora kuliko wote.

Kano likichanika, mwili hufanya haraka kuziba pengo. Unaleta damu, uvimbe, seli za kusafisha, halafu unajaza nafasi kwa kolajeni ya aina nyingine, nyembamba zaidi na iliyolala ovyo, hii huku na ile kule. Hilo ni kovu. Kadiri miezi inavyopita kovu hilo hubadilika, nyuzi zake hujipanga kufuata mvuto, linakuwa imara. Lakini halirudi kuwa kano halisi. Linabaki gumu, halivutiki vizuri, na kwa sababu halivutiki, sehemu isiyoumia iliyo juu yake na chini yake ndiyo inayolazimika kuvutika kwa ziada. Hapo ndipo mara nyingi jeraha la pili linapotokea: si kwenye kovu lenyewe, bali jirani yake. Kazi hiyo ya kujipanga huchukua mwaka mzima, wakati mwingine na zaidi, na hakuna dawa iliyowahi kuifanya iwe ya mwezi mmoja.

Sasa tuje kwenye seli shina.

Alichosoma bosi wako si uzushi. Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kugeuka kuwa za mfupa, gegedu, mafuta au kano. Kwa farasi huchukuliwa zaidi kutoka kwenye uboho wa mfupa wa kidari au wa nyonga, wakati mwingine kutoka kwenye mafuta yaliyo karibu na shina la mkia. Farasi anatulizwa kwa dawa, anatiwa ganzi sehemu hiyo, daktari anaingiza sindano nene ndani ya mfupa na kuvuta uboho. Ndani ya uboho huo seli shina ni adimu mno, pengine moja kati ya seli elfu kumi, pengine moja kati ya laki moja. Ndiyo maana uboho unapelekwa maabara, zile seli zinatengwa na kuoteshwa kwa wiki tatu hivi mpaka zifike mamilioni. Kisha zinarudishwa kwa farasi yule yule, na daktari anazichoma katikati ya jeraha huku akiangalia ncha ya sindano kwenye skrini ya altrasaundi. Uboho mbichi uliotoka tu mfupani, hata ukichomwa penye jeraha, si tiba hiyo. Una seli chache za kusaidia na unaweza kubeba vipande vya mfupa visivyotakiwa kuwa ndani ya kano. Nalisema hili kwa sababu daktari mwenye nia njema anaweza kuwashauri njia hiyo ya mkato.

Farasi wa kwanza kuripotiwa kutibiwa kano kwa njia hii alikuwa farasi wa polo (mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu ukiwa juu ya farasi) huko Uingereza, ripoti ikatoka mwaka 2003. Baada ya hapo wametibiwa wengi. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyofuatilia farasi wa mashindano zaidi ya mia moja waliochomwa seli zao wenyewe, na waliochanika tena walikuwa karibu asilimia 27. Taarifa za zamani za farasi wa aina hiyo waliotibiwa kwa njia za kawaida zilikuwa zinaonyesha karibu nusu wakichanika tena. Ni tofauti kubwa, na inatia moyo. Lakini isome vizuri: makundi hayo mawili hayakuwekwa bega kwa bega, na waliopata seli walisimamiwa pia kwa ratiba kali ya mazoezi. Mwaka uliofuata ilitoka kazi nyingine ndogo, farasi kumi na wawili wenye makano yaliyochanika, nusu wakapewa seli na nusu wakachomwa maji ya chumvi tu, wote wakafanyishwa mazoezi ya aina moja. Baada ya miezi sita makano yenyewe yalichunguzwa, na ya wale waliopata seli yalikuwa yamejipanga vizuri zaidi na hayakuwa magumu kama ya wenzao. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wa kutegemea: seli zinasaidia kovu kuwa kovu bora.

Angalia nilivyosema, kovu bora. Ile habari ya kano kuota upya ndiyo iliyopotoshwa. Mwanzoni hata wataalamu walitarajia kwamba seli zikiingia zitageuka kuwa seli za kano na kujenga kano jipya. Zilipowekewa alama na kufuatiliwa, ikaonekana nyingi zinatoweka mapema. Zinazobaki ni chache sana. Zinachofanya kabla ya kutoweka ni kutoa kemikali zinazopoza uvimbe uliopitiliza na kuziamsha seli za hapo hapo zifanye kazi yao kwa mpangilio. Zinasimamia ujenzi, hazijengi zenyewe. Kwa hiyo hata farasi wa tajiri kule Newmarket, mji wa mbio za farasi Uingereza, aliyechomwa seli bora kuliko zote, bado anatembezwa kwa kamba kwa miezi na bado anasubiri mwaka ndipo arudi kwenye mashindano. Sindano haifupishi muda huo hata kidogo.

Inawezekana hapa? Nyanda za Juu Kusini hatuna maabara ya kuotesha seli za farasi. Kutoa uboho si tatizo, tatizo ni kinachofuata: uboho lazima ufike maabara ukiwa hai, kwenye ubaridi, ndani ya siku moja au mbili, na seli zirudi hivyo hivyo wiki tatu baadaye. Halafu kuna dirisha la wakati. Seli hufanya kazi vizuri zaidi zikiingia baada ya uvimbe wa kwanza kupoa na kabla kovu halijakomaa, yaani takriban ndani ya wiki sita tangu kuumia. Ninyi mmeshatumia mbili. Mkitoa uboho wiki ijayo, kila kitu kikienda bila hitilafu hata moja, mtachoma mwishoni kabisa mwa dirisha hilo.

Kuna njia ya pili, seli zilizotoka kwa farasi mwingine na kuandaliwa kiwandani. Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa za kwanza za namna hiyo mwaka 2019 kwa ajili ya viungo vya farasi vilivyovimba, na mwaka 2022 ikaidhinishwa moja kwa ajili ya makano. Hizo hazihitaji kungojea kuoteshwa. Lakini husafirishwa zikiwa zimegandishwa kwa baridi kali kuliko friji yoyote ya kijijini, zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuingia nchini, na mpaka gharama zote zijumlishwe ni maelfu ya dola kwa mguu mmoja.

Kumsafirisha farasi mwenyewe kwenda Ulaya ondoeni mawazoni. Ukanda wetu una ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoua farasi kwa siku chache, na masharti ya kuwapeleka farasi wanaotoka huku ni makali mno. Nairobi kuna madaktari wa farasi wenye uzoefu kwa sababu ya mbio za Ngong na polo, na Afrika Kusini kuna hospitali kubwa ya farasi Onderstepoort, chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Lakini kumsimamisha farasi mwenye kano bichi ndani ya lori, siku nyingi, akijikaza kila dereva anapofunga breki, kunaweza kuharibu zaidi ya kile mnachokwenda kutengeneza.

Huo unga wa kuchanganya na pumba ni utapeli, na nalisema bila kumung'unya maneno. Seli hai haziishi ndani ya pakiti kavu iliyokaa dukani. Hata zingekuwa hai, tumbo la farasi lingezimeng'enya kama linavyomeng'enya majani. Zinazouzwa hivyo mara nyingi ni unga wa mimea au matunda uliopewa jina la kisasa, na jina hilo limepandisha bei. Mwambie jirani asante, pesa mtainunulia nyasi nzuri za kukausha.

Kuhusu mzee na chuma cha moto, mheshimu lakini usimkubalie. Uchomaji huo ulitumika kwa karne nyingi, na si hapa tu, hata Ulaya. Mantiki yake ilikuwa kwamba ukiunguza ngozi damu itakuja na kuponya kilicho ndani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1983 ulilipima jambo hilo moja kwa moja na haukuona kano likipona upesi wala vizuri zaidi. Kilichopatikana ni maumivu na ngozi yenye makovu. Wale waliopona baada ya kuchomwa walipona kwa sababu mguu uliounguzwa ulilazimisha farasi apumzishwe miezi mingi. Tunaweza kumpa miezi hiyo bila kumuunguza.

Dawa ya kuchua nayo iacheni. Inaongeza joto mahali ambapo kwa wiki za kwanza tunataka ubaridi.

Sasa nikuambie ningefanya nini kama huyo farasi angekuwa wangu, na hapa ni maoni yangu baada ya kuzitazama faida na gharama. Seli shina faida yake kubwa ni kwa farasi atakayerudi kwenye shoti kila siku, wa mashindano au wa polo, ambaye asilimia chache za usalama zinaamua kama ataendelea kufanya kazi. Wenu anabeba wageni, anatembea, anakwenda troti (mwendo wa mchakamchaka) kidogo. Farasi wa namna hiyo ana nafasi nzuri ya kurudi kazini kwa altrasaundi na ratiba ya mazoezi inayofuatwa kwa nidhamu, bila seli. Kama bosi ana pesa ya seli na moyo wa kumsaidia, pesa hiyo itafanya kazi kubwa zaidi ikilipia vipimo vinne vitano vya altrasaundi kwa mwaka, uzio mdogo kwenye sehemu tambarare, na farasi mwingine wa kubeba wageni ili huyu asirudishwe kwa sababu msimu wa wageni umefika. Sababu hiyo ya mwisho imeharibu makano mengi.

Kuna njia ya kati ambayo daktari mwenye altrasaundi na mashine ya kuzungusha damu anaweza kuifanya huku huku. Damu ya farasi mwenyewe inavutwa, inazungushwa, na plazima, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi (zile chembe za kugandisha damu) inachomwa kwenye jeraha. Chembe sahani zina kemikali za kuchochea uponaji. Ushahidi wake umechanganyika, baadhi ya kazi zimeona faida na nyingine hazikuona, lakini hatari yake ni ndogo ikifanywa kwa usafi na gharama yake haifanani kabisa na ya seli. Nikikuta kwenye altrasaundi tundu kubwa katikati ya kano, ningewapendekezea. Nikikuta jeraha dogo, nisingewapendekezea.

Kila kitu basi kinategemea altrasaundi, na bado hamjaifanya. Kwa mkono unaweza kujua kano limeumia, huwezi kujua kiasi gani. Inua mguu, kunja goti, shika kano kwa kidole gumba na cha shahada, ulishuke polepole kutoka juu hadi kifundo. Linganisha na mguu wa kulia. Kano lisiloumia ni jembamba, gumu, kingo zake zinashikika. Lililoumia ni nene, linabonyea kidogo, na farasi atavuta mguu ukifika penyewe. Kwenye altrasaundi kano zima linaonekana jeupe lenye mistari iliyonyooka. Palipochanika panaonekana peusi, mara nyingi doa la mviringo katikati. Ukubwa wa doa hilo na urefu wake ndivyo vinavyotuambia ratiba iende vipi. Wakati mzuri wa kupima mara ya kwanza ni baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu siku za mwanzo jeraha bado linapanuka. Mmeshapita hapo, kwa hiyo fanyeni wiki hii. Na daktari apime miguu yote miwili ya mbele; si ajabu kukuta wa pili nao una jeraha dogo lililokuwa limejificha.

Mpaka daktari afike, farasi akae kwenye banda au kizizi kidogo, sakafu kavu na laini. Mfunge bandeji yenye pamba nene kutoka chini ya goti hadi chini ya kifundo, iliyokazwa sawasawa, isiwe na mkunjo unaokata, na ubadilishe kila siku. Mfunge na mguu wa pili, kwa sababu sasa ndio unaobeba zaidi. Kama bado kuna joto, mwagia maji baridi dakika ishirini, mara mbili au tatu kwa siku. Maji ya Mufindi yanatosha kwa kazi hiyo bila barafu. Punguza pumba na mahindi, mpe nyasi. Farasi asiyefanya kazi anayekula kama mfanyakazi atapata msokoto wa tumbo au kwato zitavimba ndani, na hapo mtakuwa na matatizo mawili. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, atoe daktari kwa kipimo chake, maana ikizidi inatoboa tumbo na kuumiza figo. Diklofenaki ya binadamu usimpe.

Ratiba yenyewe huwa inakwenda hivi, ingawa daktari ataibadilisha kulingana na picha. Mwezi wa kwanza ni kumtembeza kwa kamba, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, kwenye njia tambarare iliyoshikamana. Barabara za changarawe kati ya mashamba ya chai zinafaa, ila ngoja ukungu uondoke na utelezi ukauke. Unaongeza dakika tano kila wiki moja au mbili, mpaka mwezi wa tatu awe anatembea dakika arobaini hivi. Kutembea huku si kwa kupitishia muda: mvuto mdogo wa kila siku ndio unaoziambia nyuzi mpya zilale upande gani. Kano lililopumzishwa kabisa bila mvuto wowote linapona ovyo. Altrasaundi ya mwezi wa tatu ikiwa nzuri, troti inaanza kwa dakika chache, mstari ulionyooka, bila kuzungushwa kwa kamba ndefu. Kukimbia zaidi ya hapo ni baada ya miezi sita au zaidi, na kazi kamili kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili. Kila mnapopanda ngazi, kwanza altrasaundi. Uvimbe au joto likirudi, rudi ngazi moja chini siku hiyo hiyo usimngoje daktari akuruhusu.

Kishawishi kikubwa kitakuja mwezi wa nne au wa tano, farasi ana afya, anang'aa, anapiga mlango wa banda, na utamwonea huruma umwachie malishoni acheze. Usimwachie. Dakika moja ya kuruka na kupiga mateke kwenye mteremko inafuta miezi minne. Najua kazi hii ya kumtembeza itakuangukia wewe, asubuhi na jioni, mvua na baridi, na hakuna atakayekusifu kwa kutembea dakika kumi na tano na farasi anayeonekana mzima. Lakini hiyo ndiyo tiba. Ungekuwa na seli shina mkononi ningekwambia maneno haya haya.

Kwato zikatwe zilingane, ncha ya mbele isiachwe ndefu. Watu wengi huinua kisigino wakidhani wanalipumzisha kano. Kwa kano hili la nyuma kabisa kisigino kikiinuliwa kifundo huelekea kuzama zaidi na mzigo wake unaweza kuongezeka, kwa hiyo msiweke kabari yoyote bila daktari kuagiza.

(Wenye punda wa kukokota mizigo Usangu na Chunya mtauliza kama haya yanawahusu. Kano ni lile lile, lakini punda wa mizigo ni nadra kupiga shoti, na majeraha ninayoyaona miguuni mwao zaidi ni vidonda vya kamba ya kufungia. Legezeni kamba, tumieni kitambaa kipana. Na punda huficha maumivu kuliko farasi, akichechemea wazi ujue ameumia sana.)

Kumpata daktari wa kumpima: anzia kwa daktari wa mifugo wa wilaya, muulize nani mwenye altrasaundi ya kufaa miguu ya farasi, na hakikisha anayekuja amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kupiga simu mkikwama, na madaktari wanaowahudumia farasi wa polo Arusha wanaweza kuelekeza. Mara nyingi ni rahisi na salama zaidi kumleta daktari na mashine yake kuliko kumpeleka farasi. Ikilazimu kusafiri, pateni kibali cha kusafirisha mifugo, mpandisheni akiwa ameelekea nyuma ya gari ili breki zibebwe na miguu ya nyuma, dereva ashuke mteremko wa Kitonga taratibu, na kabla ya Mikumi mpakeni dawa ya kufukuza mbung'o, maana nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humwangusha farasi vibaya.

Hali chache hazingoji miadi, piga simu saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kifundo kikizama karibu kugusa chini anapokanyaga, au ncha ya kwato ikiinuka juu, kano limekatika au linakaribia. Akikataa kabisa kukanyaga, huenda ni mfupa. Na kidonda chochote nyuma ya mguu, hata kidogo kama cha mwiba, kinachotoa majimaji ya njano yenye utelezi, ni hatari kuliko uvimbe huu mlio nao, kwa sababu vijidudu vikiingia kwenye ala ya kano (mfuko wa utelezi unaolizunguka) mna saa, hamna siku. Usikichokoe, usimimine dawa ndani. Kifunike kwa kitambaa safi, mzuie asitembee, na mwambie daktari tarehe ya chanjo yake ya mwisho ya pepopunda.